Nyoka Aliyelaaniwa Mara Mbili

Kule Queensburgh, Antoinette husuka nywele siku za kazi na kukemea mapepo Jumapili. Wakongo wenzake kanisani humwita Mama Moto. Akianza kuomba, majirani hufunga madirisha.

Asubuhi moja aliinua kapu la nguo chafu, akakuta nyoka wa kahawia amejikunja chini yake. Mama Moto akapanda juu ya friji. Mumewe, Papy, hajui mpaka leo alipandaje.

"Papy! Iko nyoka! Leta jembe!"

Jembe lilikuwa la mwenye nyumba, Anti Rookmoney, mjane Mhindu wa nyumba ya mbele. Papy alipolichukua tu, Anti akaja mbio kutoka kwenye sala zake, majivu bado kwenye paji la uso, akaukamata mpini.

"Usimuue! Laana ya nyoka haiishi. Mfalme Parikshit alimtundikia mtawa nyoka mfu shingoni, basi. Mtoto wa mtawa akamlaani: ndani ya siku saba, Takshaka, mkuu wa nyoka, atakuuma. Mfalme akajificha katika nyumba iliyojengwa juu ya nguzo ndefu, walinzi kila upande. Takshaka akaingia ndani ya tunda, mdogo kama funza, akamuuma mfalme!"

Juu ya friji palikuwa na bakuli la mapera. Antoinette akalisukuma kwa kidole cha mguu.

"Eish, Anti! Nyoka alilaaniwa na Mungu mwenyewe, kule bustanini."

"Kwetu alilaaniwa na mama yake. Mama huyo, Kadru, aliweka dau kwamba mkia wa farasi fulani mweupe ni mweusi, akawaambia wanawe nyoka wajishike hapo uonekane mweusi. Walipokataa kudanganya, akawalaani waungue motoni."

"Mama mzazi?"

"Mama mzazi."

Antoinette, mama wa watoto wanne, aliingiwa na uchungu. "Mungu amemlaani, mama naye amemlaani. Maskini, atakimbilia wapi?"

Akafumba macho, akaanza kumwombea kwa sauti ile ya Jumapili. Nyoka aliinua kichwa, akatoka mlangoni upesi, akapotelea majanini. Kumshusha Antoinette ndiko kulikowatoa jasho Papy na Anti.

Siku hizi Antoinette humsuka Anti uani huku akidai hadithi iendelee. Juzi alisikia kwamba kijana Astika, ambaye mama yake ni nyoka, aliusimamisha ule moto wa laana ya Kadru, na nyoka waliobaki wakapona.

Antoinette akaachia nywele, akapiga makofi. "Haleluya!"