Kisiki cha Mkuyu Chini ya Chumba Chetu

Nilikuwa mtoto wa miaka saba baba yangu alipoukata mkuyu. Mpaka leo nikisikia shoka likigonga mti mahali popote, husimama kwanza, nikangoja mti uanguke, ndipo niendelee na safari yangu.

Kijiji chetu kiko upande wa Ikungi, kwenye nchi ya mawe makubwa na alizeti. Wakati huo nyumba nyingi zilikuwa bado tembe, zile nyumba ndefu za miti na udongo zenye paa bapa, ambazo mgeni akiziona kwa mbali hudhani ni sehemu ya ardhi. Tuliishi kwenye tembe la bibi, mama yake baba. Lakini baba alitaka nyumba ya bati, na kiwanja alichopata kilikuwa na mkuyu.

Ulikuwa mkuyu kama mikuyu mingine, ila watu hawakuutendea hivyo. Mvua ikichelewa, akina mama wakubwa walikwenda pale asubuhi na unga wa uwele ndani ya kibuyu, wakaunyunyiza penye mizizi. Sisi watoto tulikatazwa kuuonyesha kwa kidole. Tulipopita pale tulikunja vidole ndani ya viganja, tukakimbia.

Baba alikuwa mwadhini wa msikiti wetu mdogo. Alijifunza dini ukubwani, akaishika kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyepata kitu alichokitafuta kwa muda mrefu. Jambo la unga lilimuumiza. Alisema ni shirki, ni kumshirikisha Mungu na mti. Akaukata mwenyewe kwa siku tatu, kijiji kikimtazama kwa mbali.

"Mwadhini," jirani yetu Mzee Ramadhani alimtania siku ya tatu, "umebomoa nyumba ya wenyewe. Leo watakuja kulala kwako."

"Waje," baba akajibu huku akijifuta jasho. "Nitawaamsha alfajiri waswali."

Watu wakacheka. Mimi nami nilicheka. Nilijivunia kuwa mtoto wa mtu asiyeogopa.

Bibi hakucheka. Alikuja jioni ile akiwa na fimbo yake, akakizunguka kisiki polepole, kisha akamwita baba kwa jina lake.

"Issa, mti umeukata, yamekwisha. Sasa king'oe kisiki. Chimba mpaka uone mwisho wa mizizi mikubwa, choma kwa samadi, uliache shimo linywe mvua ya mwaka mzima. Likishiba, ndipo ujenge. Nami nitaweka unga wangu kidogo, tuwaage."

"Mama, unga hapana."

"Basi unga uuache. Kisiki king'oe."

"Yote ni yale yale, mama."

Hapo bibi akasema maneno ambayo nimeyabeba maisha yangu yote. Alisema kisiki kikichipua ndani ya nyumba, kinatafuta mtoto wa kukaa mahali pake. Ndivyo walivyoambiwa na wakubwa wao.

Nimefikiri mara nyingi kwamba kama bibi angeishia kwenye jembe na samadi, pengine baba angechimba. Lakini alipotaja mtoto, uso wa baba ulikunjamana. Tangu hapo kuking'oa kile kisiki kungekuwa kukubali.

Fundi Shabani alitoka Singida Mjini kuja kutujengea. Alipovuta kamba zake kupima msingi, kona moja iliangukia juu ya kisiki hasa, kona ya upande wa kibla.

"Baba Halima," alisema, akimwita kwa jina langu, "nipe siku nne nikitoe hiki."

"Kikate usawa wa ardhi, ujenge juu yake."

"Siku nne tu."

"Nikiking'oa leo, kesho watasema mwadhini ameutii mti."

Fundi Shabani akakuna kichwa kwa penseli yake. "Mimi mizimu siijui, mzee wangu. Ninayemjua mimi ni mchwa. Mchwa hana dini."

Baba alicheka sana, akamwagizia chai. Msingi wa mawe na udongo ukapita juu ya kisiki. Zikafuata kuta za matofali ya tope, halafu bati. Bati lile liling'aa mpaka ng'ombe walisita kupita.

Mdogo wangu Zaina alizaliwa mwezi tuliohamia. Watu walimwita mtoto wa bati. Chumba chetu sisi wawili kilikuwa kile cha kona ya kibla, na kila alfajiri baba alipotoka msikitini alikuja kuswali humo rakaa mbili tena, mimi nimesimama nyuma yake. Alitaka nizoee.

Mvua za kwanza ziliponyesha, chipukizi lilitokea kwenye kona ya chumba. Lilitoboa sakafu ya udongo, jembamba, jeupe, kama kidole cha mgonjwa aliyekaa ndani muda mrefu. Mama aliliona kwanza. Alilifunika kwa bakuli, akamngoja baba. Baba alilikata kwa panga, akamimina chumvi na mafuta ya taa. Likachipua tena. Akalikata. Mara ya tatu halikurudi.

"Mmeona?" alituambia. "Kimekufa."

Ni kweli kilikuwa kimekufa. Ila hatukujua kwamba kisiki kilicho hai huibeba nyumba, na kilichokufa ndicho huiachia. Baba alipiga marufuku kukitaja. Alisema atakayetaja kisiki ndani ya nyumba yake atamchapa, na maneno hayo yalikwenda hadi kwa bibi. Bibi akikaa kwetu, aliitazama ile kona, akarudisha macho kwenye chakula chake.

Mwaka wa tatu ufa ulionekana ukutani, mwembamba kama uzi wa buibui. Baba aliuziba kwa udongo. "Nyumba mpya lazima itulie," alisema. Ufa ukarudi, mpana zaidi. Akauziba tena. Mlango wa chumba chetu ukaanza kukwama, mama akawa anausukuma kwa bega. Asubuhi tulikuta vijia vya mchwa vikipanda kutoka sakafuni, mama akavifagia.

Mimi ndiye niliyegundua ngoma. Siku moja niliruka pale kwenye kona kwa bahati tu, na sakafu ikaitika: du. Sehemu nyingine zote za chumba ziliitika kama ardhi. Pale paliitika kama ngoma iliyofunikwa. Nilipiga tena kwa kisigino. Du, du. Nikamwita Zaina, nikamfundisha. Tulicheza pale mvua ikinyesha nje, tukicheka kwa sauti ndogo ili tusisikike. Zaina alikuwa na miaka minne. Aliupenda mchezo huo kuliko mimi. Alikuwa pia akificha mbegu za alizeti ndani ya ufa, moja moja, akisema ni akiba yake ya njaa.

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Si kweli kwamba sikujua kitu. Mtoto wa miaka kumi na moja anajua kwamba ardhi haipaswi kulia. Nilijua kilichokuwa chini pale, na nilijua kwamba neno lake limekatazwa. Kati ya kusema nikachapwa, na kunyamaza tukacheza, nilinyamaza.

Mwaka ule mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika. Siku ya nne jua likatoka, na mimi na mama tukatoka kuanika nguo na alizeti iliyolowa. Baba alikwenda msikitini. Zaina alibaki ndani, na nilimsikia. Du, du, du. Alikuwa anacheza peke yake.

Adhana ya alasiri ikaanza. Msikiti wetu haukuwa na kipaza sauti, ilikuwa sauti ya baba tu, na ilifika vizuri siku ile kwa sababu hewa ilikuwa imeoshwa. Mama aliacha nguo aliyokuwa ameshika, akaitikia kwa midomo.

Kona ya nyumba ilishuka kama ng'ombe anavyopiga magoti, miguu ya mbele kwanza. Haikuwa na haraka. Niliona bati likiinama. Kisha ukuta ukaingia ndani, wote kwa pamoja.

Baba alikuwa amefika pale panapoita watu waje kwenye swala. Hakujua. Aliendelea, akairefusha sauti yake kama kawaida yake, akamaliza adhana yote. Sisi tulikuwa tunachimbua matofali kwa mikono.

Tulimzika Zaina kesho yake asubuhi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Kaburi lake lilikuwa dogo mno, mpaka wachimbaji walikosa nafasi ya kusimama wawili.

Tulirudi kulala kwa bibi. Kijijini kila mtu alisema jambo moja, kwamba mkuyu umechukua mtoto wake. Mzee Ramadhani, aliyekuwa mtani kuliko wote, alikaa msibani akilia bila utani wowote. Baba hakubishana na mtu. Baada ya mazishi alichukua sururu na jembe, akaingia pale kwenye kona, akaanza kuchimba. Alichimba siku tatu peke yake. Kisiki hakikuwepo tena. Palikuwa na pango lenye umbo la kisiki, limejaa udongo wa mchwa na maji, na mizizi iliyobaki maganda matupu, ukiishika inavunjika mkononi. Moja ilipita moja kwa moja chini ya mahali tulipokuwa tunaswali.

Hakula siku zile tatu. Mama alimpelekea chakula, akakirudisha.

Siku ya tatu bibi alikuja na bakuli la unga wa uwele. Watu waliokuwa wakitazama wakampisha. Wote tulijua anachokwenda kufanya, na tulijua kwamba safari hii baba hatakuwa na la kusema. Bibi akasimama ukingoni mwa shimo, akamtazama mwanawe aliyekuwa chini na tope mpaka kiunoni. Baba akainamisha kichwa. Nadhani alikuwa anangoja unga umwangukie.

Bibi akageuka. Akaenda mpaka kwenye mafiga ya mama, akaweka sufuria, akaukoroga unga ule wote ukawa uji. Akamletea.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Ni uji tu."

Baba alikunywa akiwa amesimama mle shimoni, na alilia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, si kabla wala baadaye.

Hatukujenga tena pale. Baba aliendelea kuwa mwadhini kwa miaka mingi, lakini adhana ya alasiri hakuiadhini tena. Alimwachia mtu mwingine, na hakuna aliyemuuliza. Na kila mwaka mvua zikiisha alikwenda na karai kwenye ule uwanja, akajaza udongo pale palipotitia. Shimo la kisiki halijai mara moja. Unalijaza, unalishindilia, mvua inakuja, linashuka tena. Bibi alikuwa amesema mwaka mmoja. Baba alijaza mpaka ndevu zake zikawa nyeupe.

Amefariki mwaka huu, kabla ya mvua. Nilimuuguza mimi. Siku moja mchana, nilipokuwa namgeuza, aliniuliza, "Halima, limejaa?"

Dada zangu wa ukoo walidhani ameanza kuweweseka. Mimi nilijua anauliza nini. Nikawaomba watoke.

"Bado kidogo, baba."

Akafumba macho. Nikaona nisipolisema siku ile, sitalisema tena. Nikamwambia kwamba nilijua pale palikuwa wazi chini, kwamba tulikuwa tunapiga ngoma kwa visigino, kwamba mimi ndiye niliyemfundisha Zaina, na kwamba sikusema.

Akafumbua macho, akanitazama.

"Hata mimi nilijua," alisema. "Nilipokuwa nikisujudu na wewe alfajiri, nilipasikia chini ya paji la uso. Nikajiambia ni shetani ananitia hofu ya mti."

Nikamshika mkono. Ulikuwa mwepesi kama karatasi. Baada ya muda akasema tena, na ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu yenye maana kamili:

"Mama aliniambia unga niuache."

Mimi siamini kwamba mkuyu ulimchukua mdogo wangu. Mwenyezi Mungu ndiye anayetoa na ndiye anayechukua, na sina neno juu ya hukumu yake. Lakini siku hizi sicheki maneno ya wazee kabla sijayapembua. Bibi alituletea jembe na unga ndani ya kibuyu kimoja, akawa tayari kuumwaga unga ili tu jembe lipokelewe. Baba, kwa kumpenda Mungu, na kwa kuogopa kuonekana anaogopa, alikitupa kibuyu kizima. Nami niliyesikia ardhi ikilia nilifunga mdomo. Simlaumu. Tulikuwa wawili kwenye msala ule, na wote tulisikia.

Mvua za mwaka huu zilipopumzika nilikwenda. Palikuwa pameshuka kina cha kiganja tu, na majani yameota. Nilichukua karai la baba, nikachota udongo mkavu, nikajaza mpaka pakawa sawa. Kwa mbali adhana ya alasiri ikaanza, siku hizi ni kipaza sauti. Nikasimama mpaka ikaisha.

Kisha nikapiga kisigino mara moja, nikasikiliza.