Dainamo Iliyolia Bila Taa

Vyiiiii.

Hiyo sauti niliisikia kabla sijaona chochote. Ilitoka kwenye ukungu, nyuma ya kanisa la kambi yetu ya majani chai, Kericho, saa kumi na moja jioni. Mwaka ni 1996.

Dainamo ya baiskeli, ile inayosuguana na tairi ili taa iwake. Nikangoja mwenyewe atokee.

Hakutokea mtu. Wala taa.

Na baiskeli iliyolia hivyo kambini ilikuwa moja tu, ya Phelix. Phelix tulikuwa tumemzika kwao, kando ya ziwa, siku nne kabla.

Ngoja nieleze.

Mimi ni mshairi. Hakuna aliyenifundisha. Nilihesabu mizani kichwani nikichuma chai, na kutoka Londiani hadi Mulot sikuona wa kunishinda. Mwaka huo nilitunga igizo la Edeni, beti sitini. Malaika mwenye upanga wa moto nilikuwa mimi mwenyewe.

Shida ilikuwa huo moto.

Nilichukua paipu ya plastiki inayopitisha mwanga, nikaitia balbu ya tochi ya mawe mawili, yaani betri ndogo. Mwanga ulipanda shubiri moja, ukafa. Rodah, aliyecheza Hawa, akaniuliza kama malaika anatafuta choo.

Iliniuma.

Nikajaribu balbu ya trekta. Iliwaka kama jua, lakini ilitaka betri ya gari. Nikiifunga hiyo kiunoni, malaika anatembea kama mzee anayeumwa mgongo.

Ndipo nikaiona taa ya baiskeli ya Phelix. Balbu ya volti sita. Mawe manne tu yangetosha, na yangeingia kwenye mpini. Nikaijaribu. Upanga ukawaka hadi ncha.

Phelix alikuwa rafiki yangu. Ningemwomba, angenipa. Lakini mimi sikuwa mtu wa kuomba. Alhamisi niliichomoa, na mahali pake nikaweka balbu iliyoungua, ili akiona haiwaki adhani imeungua yenyewe, asigundue mpaka igizo la Jumapili lipite.

Ijumaa jioni ukungu ulishuka mzito. Kwenye weupe ule, mwenye baiskeli haoni hata taa yake. Phelix alikuwa akitoka kiwandani. Alisikia dainamo ikilia, akaamini anaonekana.

Kipkorir, dereva wa trekta ya majani, hakumwona.

Aliapa kwamba ile baiskeli haikuwa na taa. Watu wakamalizia: Phelix alikuwa mvivu, aliiondoa dainamo kwenye tairi ili pedali ziwe nyepesi, akajiua mwenyewe.

Mimi nikanyamaza. Igizo likasogezwa mwezi mmoja. Balbu ikabaki kwenye upanga wangu.

Basi tukirudia mazoezi, jioni baada ya jioni, vyiiiii. Wenzangu walisema ni mashine ya kiwanda. Mimi nilianza kusahau beti zangu mwenyewe.

Siku ya igizo kanisa lilijaa. Nje ukungu, ndani kiza. Nikainua upanga, watu wakashika pumzi. Nikafungua mdomo.

Vyiiiii.

Nilitoka mbio na kanzu yangu, upanga mkononi.

Nyuma ya stoo ya kanisa, baiskeli ilikuwa imepinduliwa, gurudumu la mbele limepinda. Mama Jerusa, mamake Phelix, alikuwa ameinama akizungusha pedali kwa mkono, macho kwenye taa.

Hakushtuka. Alisema baiskeli iliwekwa hapo stoo, naye hupitia kila jioni akitoka kuchuma.

"Wanasema mtoto wangu aliizima," akasema. "Na mimi niliikuta imegusa tairi, naisikia inalia. Wewe unajua mambo ya taa. Mbona haiwaki?"

Ningesema waya umekatika, angeniamini.

Nilifungua mpini, nikatoa balbu. Ilikuwa bado ya moto. Nikaikaza kwenye taa ya baiskeli.

"Zungusha, mama."

Ikawaka.

Aliitazama. Akautazama upanga wangu uliozimika. Kisha akanitazama mimi, na mkono wake haukuacha kuzungusha.

"Kumbe aliwasha," akasema polepole. "Phelix wangu aliwasha."

Nilipiga magoti kwenye matope.

"Watu bado wako ndani," akasema. "Utawaambia, ama utawaimbia?"

Wewe unayesoma hii, kitu cha mtu kiombe, hata kikiwa kidogo kama ncha ya kidole, hata mwenyewe akiwa rafiki. Na ukishakosa, usimwachie marehemu mzigo wako, kwa sababu yeye hawezi kujitetea.

Nilimshika mkono, ule uliokuwa ukizungusha.

"Nitawaambia, mama. Sasa hivi. Jina lake na kosa langu, bila vina."