Vile mama alichagua pump ya kupandisha maji ya samaki kutoka basement, Makindu

Wakuu, salamu kutoka Makindu. Hii sikusimuliwa na mtu, nilikuwa hapo.

Mama yangu alifanya kazi kwa hoteli za Mombasa miaka mingi. Aliporudi nyumbani akafungua hoteli ya chakula kando ya barabara, na ndani akaweka tangi la samaki wa baharini.

Ndio, maji ya chumvi, Ukambani! Watu walimcheka. Siku hizi wasafiri wanasimama kwetu kwa sababu ya hao samaki.

Tangi liko dining. Sump, yaani tangi la pili la kuchuja maji, liko basement ndio kelele isisumbue wateja. Maji yanashuka yenyewe, halafu return pump inayarudisha juu.

Jumatano moja, saa ya lunch, hiyo pump ikakufa. Maji yakatulia kabisa. Baadaye samaki wakaanza kupanda juu wakihema.

Mimi nilichanganyikiwa. Mama akachukua jagi, akawa anachota maji ya tangi na kuyamwaga tena kutoka juu ndio yashike hewa. Akampa dadangu Kanini hiyo jagi.

"Usiache mpaka turudi."

Tukakimbia Sultan Hamud kwa duka la pump. Mwenye duka, jamaa mpole sana, akatuonyesha moja kubwa. Box imeandikwa lita nyingi ajabu kwa saa.

"Hizo lita ni za maji yasiyopanda," mama akasema. "Yetu yanapanda mita nne. Tunaweza jaribu?"

Jamaa akakubali. Akajaza drum, mimi nikavuta mpira wa maji mpaka balcony ya juu, kama mita nne hivi.

Ile kubwa ilinguruma weee, maji yakaishia katikati.

Mama akachagua nyingine, ndogo kwa macho lakini imetengenezwa kusukuma juu. Tena ni plastiki tupu, kwa sababu chumvi inakula chuma, na shaba inaua samaki. Kuwasha tu, maji yakanilowesha huko balcony!

Tulipofika nyumbani nilisimama mlangoni. Wateja walikuwa wanapokezana jagi na Kanini. Mama mmoja wa Garissa alikuwa amekunja mikono ya buibui, anamwaga.

"Huyu wa rangi ya machungwa alikuwa amelala upande," akatuambia. "Sasa ameamka."

Tukafunga pump. Maji yakapanda, watu wakapiga kelele kama goli imeingia.

Lakini mama hakuwa amemaliza. "Zima main switch," akaniambia.

Alitaka kuona stima ikipotea kama sump itafurika. Maji yakashuka, yakajaza sump mpaka karibu na ukingo, yakasimama. Nikawasha tena.

Hapo ndio aliketi. Akaangalia samaki wake, akapangusa macho na leso. Halafu akageukia wateja.

"Haya, chakula chenu kimepoa. Leteni sahani nipashe."

Nilichojifunza: usinunue pump kwa lita za box. Pima urefu wa kupanda, na uache nafasi ndani ya sump ya maji yatakayoshuka, stima yetu mnaijua.

Wenye sump ya chini, nyinyi mnatumia gani? Na mama akiwajibu hapa, msibishane naye.