Marashi Yaliyomkataa Mama Bhoke

Kama umekuja hapa kutafuta cha kucheka, cheka tu, hutakuwa wa kwanza. Mchungaji wangu alicheka. Shemeji yangu, mtu ambaye hajafungua kitabu tangu atoke shule, alinieleza kwa utaalamu kabisa kwamba yale yalikuwa mawazo. Mawazo! Siku ile sikuwaza chochote, nilikuwa nakula muhogo. Jambo lilitokea Mugumu, dukani kwangu, jioni ya mvua, taa zikiwa zinawaka, nikiwa na akili zangu zote. Na aliyeliona pamoja nami yuko hai, anauza vitenge mlango wa pili.

Nauza marashi na vipodozi, huu ni mwaka wa kumi na moja, na kazi hii imenifundisha kuwadharau watu. Mtu anaingia, anafungua kifuniko, ananusa mara moja kama anakagua samaki, anasema, "Hii ndiyo yangu." Yako kwa lipi? Marashi hayachaguliwi kwenye chupa. Unapuliza kidogo upande wa ndani wa mkono, pale mshipa unapodunda. Husugui. Unaenda zako sokoni, unarudi baada ya saa nzima. Mwanzo utasikia spiriti tu. Halafu joto la damu yako linayafungua, na hapo ndipo unajua kama yamekukubali au yamekukataa. Nimesema haya mpaka nimechoka, na bado watu wananusa kifuniko.

Niliowadharau zaidi ni wapenzi wa marashi ya maua ya kizamani. Unayajua: waridi na asumini na kitu kama poda, harufu ya sanduku la bibi la nguo za kanisani. Mtu anayeniletea mzigo kutoka Sirari alinichomekea chupa moja bila mimi kuagiza. Wasichana walikunja pua. Watu wazima waliyataka, lakini wengi waliyapaka wakanuka kama ukumbi wa harusi baada ya watu kuondoka. Nami niliwaambia hivyohivyo, usoni.

Basi jioni hiyo akaingia mama mmoja, umri wa mama yangu mdogo. Sweta ya kijani iliyofungwa vifungo vyote, kitenge cha kushinda nacho, visigino vimepasuka. Nikamwamkia mdomo ukiwa umejaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, binti. Nimeambiwa unayo yale ya maua. Ya zamani."

Nikamtazama juu mpaka chini. Niamini, sifichi, nilimdharau. Nilijiambia, huyu atanipotezea muda, atanusa, atasema atarudi mwisho wa mwezi.

"Ninayo. Lakini mama, haya si ya kwendea shambani."

"Najua. Sitaki kwenda nayo popote. Nataka tu kujua kama yananikubali."

Nikampulizia mkono wa kushoto, nikamwambia azunguke kisha arudi. Akasema mvua inakuja, atakaa palepale. Akaketi kwenye benchi, mkono ameuweka gotini, kiganja juu, kama mtu anayesubiri kutolewa damu. Mvua ikaja kweli, bati likapiga kelele mpaka sikusikia redio. Mimi nikamsahau. Ndiyo, nilimsahau mgeni mzima ndani ya duka langu. Ningekuwa na adabu kidogo tu ya kumpigisha stori, nadhani ningegundua mapema.

Baada ya muda Ghati, huyo jirani wa vitenge, akaingia mbio na mwavuli, akitaka nimbadilishie noti. Akasema "shikamoo" kuelekea benchi bila kutazama, anakung'uta miguu. Halafu akatazama.

Sijawahi kuona mtu akirudi nyuma namna ile. Hakugeuka. Alirudi kinyumenyume, mgongo ukagonga fremu ya mlango, akatokomea kwenye mvua, mwavuli akauacha. Nikasonya. Nikajisemea, tazama mwanamke asiye na malezi, anamkimbia mtu mzima kama ameona nyoka.

"Msamehe mama," nikasema. "Haya, saa imepita. Lete mkono tuone."

Nikainama kunusa. Spiriti. Spiriti kali ileile, kama nimepuliza sasa hivi. Nikautazama mkono vizuri chini ya taa. Matone yalikuwa bado yamekaa juu ya ngozi, moja moja, hayajakauka, hayajaingia. Umeshawahi kuona umande juu ya jani la magimbi? Hivyohivyo. Saa nzima! Nikamshika mkono nipapase mshipa, kwa sababu ndivyo nilivyozoea, na vidole vyangu vikakuta ubaridi wa mtungi uliolala na maji. Mshipa sikuupata. Nikahamisha vidole. Sikuupata.

Utasema kwa nini sikupiga kelele. Sijui. Nilibaki nimemshika.

"Niambie wewe unayejua," akasema, taratibu, bila haraka. "Mume wangu aliniambia nikiyapaka nanuka ajuza. Nilikuwa bado msichana, nina mtoto mmoja tu. Nikayaacha. Mpaka leo sijajua kama alisema kweli. Yananikubali?"

Sasa nisikilize, kwa maana hapa ndipo penye kisa chenyewe. Ningeweza kudanganya. Wateja nimewadanganya mara ngapi, nikitaka kuuza? Lakini mdomo wangu ulikuwa umezoea njia yake ya ukali.

"Hapana mama," nikasema. "Yamekukataa."

Hakukasirika. Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa basi limeshaondoka. Kisha akaugeuza mkono wake, akaulaza juu ya wangu, mshipa kwa mshipa, akakandamiza. Ubaridi ukanipanda mpaka begani. Na hapo, kwenye ngozi yangu mimi, yale marashi yakafunguka. Mungu wangu, sikuwahi kuyasikia hivyo. Waridi lilikuja kwanza, halafu asumini, na ile poda niliyokuwa naikebehi ikageuka kitu laini, kama shingo ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mama yule akainama akanusa mkono wangu. Akanusa kwa muda mrefu. Alipoinua uso, machozi yalikuwa yanamtoka.

"Kumbe ni mazuri," akasema. "Kumbe yalikuwa mazuri hivi. Kaa nayo, binti."

Akatoka. Nilisimama mlangoni kumtazama, na barabara nzima mpaka kona ya mashine ya kusaga haikuwa na mtu.

Nikaenda kwa Ghati. Alikuwa amejifungia, amekaa katikati ya vitenge vyake.

"Yule unamjua?" nikamuuliza.

"Ni Mama Bhoke wa Morotonga. Dada, yule nilimwosha mimi. Kwa mikono hii. Nimemvisha ile sweta mimi, nikafunga vifungo vyote, tukamzika."

Nikamwambia amefananisha. Nilimdharau hata yeye. Lakini harufu haikutoka. Nikaosha kwa sabuni, nikasugua kwa majivu, nikapaka mafuta ya taa. Asubuhi ya pili ilikuwepo, asubuhi ya tatu ilikuwepo. Siku ya nne nikapanda bodaboda mpaka Morotonga.

Mumewe nilimkuta ameketi nje kwenye kiti cha plastiki, mwanaume mkubwa, tumbo mbele, mwenye sura ya mtu ambaye hajawahi kuambiwa amekosea. Nikamwamkia, nikampa mkono. Akaushika, halafu akauachia ghafla.

"Hayo marashi umeyatoa wapi?"

"Nayauza, baba. Mugumu."

"Nilishayatupa hayo. Nilitupa chupa chooni mimi mwenyewe, zamani."

"Kwa nini ulitupa?"

Akacheka kicheko kikavu. "Utani tu. Nilimwambia ananuka ajuza. Mtu na mkewe hawataniani? Tangu hapo hakupaka kitu tena, hata mafuta ya kunukia. Mimi nikadhani hapendi."

Nilimtazama kwa dharau ambayo sijawahi kumtazama nayo mteja yeyote. Miaka yote ile ndani ya nyumba moja, na yeye akadhani. Nikamwambia yote: benchi, matone, mkono wa baridi. Nilitaka yamuume. Nikasema, "Alikuja kuuliza kama ulisema kweli."

Kicheko kikaisha. Ghafla alikuwa mzee tu, mzee mwenye soksi zisizofanana.

"Ukamjibuje?" akaniuliza. "Binti, ulimjibuje?"

Nilikuwa nimefika pale kumhukumu mtu. Nikasimama mbele yake na mkono wangu unaonukia, nikakumbuka neno nililomwambia mkewe. Nikamuaga nikaondoka, na dharau yote niliyokwenda nayo nikarudi nayo mwenyewe, njia nzima.

Harufu ipo mpaka leo. Ukija dukani utaisikia kabla hujavuka mlango. Wanawake wananishika mkono, wananusa, wanasema, "Dada, haya yamekukubali kweli," wanataka chupa kama hiyo. Siwauzii. Yakipulizwa juu yake marashi mengine hayakai, yanateleza kama maji. Mume wangu anayapenda sana. Mimi nalala nimegeuza mkono ule upande wa ukutani.

Kwa hiyo wewe, bwana mwenye utani, na wewe dada mwenye mdomo kama wangu: mtu wa nyumbani kwako akisimama mbele yako amejipaka kitu, anakuuliza kama kinamfaa, acha ulichoshika. Msogelee. Mnuse vizuri. Halafu mjibu kwa wema, palepale, damu yake ikiwa bado ina moto.