Koti Lililokuwa na Joto Kabla Sijalivaa

Hili lilinipata mimi mwenyewe, hapahapa Stockholm, saa tisa alasiri. Naanza na saa kwa sababu najua utaniuliza. Desemba huku, saa tisa ni giza tayari na taa za barabarani zinawaka. Sikuwa na homa, sikuwa usingizini, na pombe sijaionja tangu nizaliwe. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize.

Yote yaliletwa na koti la shoga yangu Rehema. Tulikuja Sweden pamoja, tunafanya kazi hospitali moja kule Flemingsberg, na mwaka ule akajinunulia koti la kibaharia. Unayajua makoti hayo: mazito, buluu iliyokoza, kola pana, vifungo safu mbili, yanaishia nyongani. Mimi nilikuwa na jaketi la kuvimba, nikilivaa nafanana na godoro lililokunjwa. Nilivumilia. Lakini Jumapili moja mume wangu, mtu ambaye nikisuka nywele hajui mpaka aambiwe, alimwona Rehema akivuka barabara akasema, "Koti la Rehema limemkaa."

Basi. Maneno manne tu, na wivu ukanishika hadi chakula cha jioni nikakiacha mezani. Mwenzangu hakunikosea kitu, nami nikamchukia.

Mfuko wangu ulikuwa wa katikati. Maduka makubwa ya mjini sikuyaweza, na kuokota chochote sikutaka. Saa tisa ile niliyokutajia, nikaenda kwenye duka moja la mitumba kule Vällingby. Napekua makoti, mara nasikia sauti pembeni, "Habari za kazi, dada?" Kiswahili safi. Mwanamke wa rika langu, amevaa blauzi nyepesi ya pamba, Desemba hiyo. Nikadhani ni mfanyakazi wa dukani.

Na alijua makoti, wallahi. "Acha kutazama rangi," akaniambia. "Soma lebo. Sufu ikiwa chini ya nusu, hilo ni pambo, upepo utapita." Akanifundisha kufumbata kitambaa na kukiachia, nione kama kinarudi au kinabaki na makunyanzi. Kulinyanyua kwenye taa nitafute matundu ya nondo. Kugeuza ndani, kuangalia bitana ya makwapani. Kulijaribu na sweta, si na fulana. "Kifungo utashona mwenyewe. Mabega yakikukataa, liache, fundi atakutoza zaidi kuliko koti lenyewe."

Kisha akachomoa moja kutoka mwisho wa safu ya makoti. Nikaingiza mikono. Mabega yalikaa kama nimepimwa, na ndani lilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu amekiacha sasa hivi.

"Na huyo mwenzio mwenye koti," akaniuliza, "unataka mpendeze wote wawili?"

Niambie, mimi nilikuwa nimemtajia Rehema saa ngapi? Sikumtaja. Ningepaswa kulivua palepale. Badala yake nikamjibu, "Hapana. Mmoja anatosha."

Akatabasamu. Nililipa, bei yenyewe ilikuwa nzuri mno, akanisindikiza hadi nje. Baridi ilikuwa kali, kila aliyepita alitoa mvuke mdomoni, na mimi pia. Yeye aliongea, akacheka, akaniaga, na mdomoni mwake hamkutoka kitu. Nisikudanganye kwamba sikuona. Niliona, nikafunga vifungo vyangu nikaondoka.

Sasa, mama yangu kule Tanga alikuwa na sheria moja ya mitumba: haivaliwi mpaka ifuliwe kwa chumvi na ipigwe jua. Koti la sufu hulitupi kwenye mashine, sawa, na jua la Desemba huku ni la kuhadithiwa. Lakini hata kulitundika kibarazani lipigwe na barafu siku tatu sikuweza kusubiri. Jioni ile kulikuwa na arobaini ya mtoto wa jamaa zetu, kule Rissne, na Rehema angekuwepo. Nikaenda nalo moja kwa moja.

Walinizunguka. Mume wangu akasema, "Hapo sasa!" Rehema akanikumbatia, "Mashallah, shoga, limekutoa!" Neno hilo la kheri mimi sikumwambia yeye hata siku moja juu ya koti lake. Haikupita dakika kumi akamwomba mwenye nyumba afunge dirisha. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Tangu siku ile Rehema akawa mtu wa baridi. Sweta mbili ndani ya koti lake zuri, midomo imepauka. Wakampima damu, wakampima tezi, hawakuona kitu. Siku ambazo koti langu lilibaki nyumbani, alikuja kazini anacheka. Siku nilizolivaa, alishika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Unafikiri sikujua? Wiki ya pili nilishajua. Nikaendelea kulivaa, maana koti la Rehema hakuna tena aliyelisifu.

Mpaka asubuhi moja tukisubiri treni Flemingsberg, baada ya zamu. Akanisogelea, meno yanagongana. "Shoga, lako lina joto, eeh? Niazime tu mpaka treni ifike."

"Halitakukaa mabegani," nikamjibu. Ndiyo, nilimjibu hivyo.

Akacheka, akasema sawa, akaendelea kunisimulia habari za mgonjwa wake. Nikamtazama. Jukwaa zima lilikuwa linatoa mvuke, wazee, watoto, hata mbwa wa mtu. Rehema anaongea, na mdomoni mwake hamtoki kitu.

Nililivua kwa nguvu hadi kifungo kikaruka. Nikasimama na blauzi kwenye baridi ile, nikilia, mpaka nikaona kamvuke kadogo kanatoka mdomoni mwa Rehema. Hakunielewa. Alidhani nimepatwa na msiba.

Siku hiyohiyo nililirudisha Vällingby. Mama wa dukani aliligeuza pande zote, akasema alama yao haimo, hawajawahi kuliuza, na Mswahili hawajawahi kumwajiri. Nikaliacha mezani nikakimbia.

Rehema ni mzima. Mimi ndiye nisiyepata joto tangu hapo. Mwaka jana nilikwenda Tanga mwezi wa pili, watu wanajipepea, mimi nina sweta. Huku Stockholm, Rehema alipoona natetemeka akanipa koti lake, lile lile, akajinunulia jingine la bei rahisi. Kila majira ya baridi ananifunga vifungo yeye mwenyewe, mpaka cha juu, ananiuliza, "Sasa umepata joto?" Namwambia ndiyo. Sijathubutu kumweleza.

Kwa hiyo wewe unayetafuta koti, soma lebo, fumbata sufu, pima mabega. Hayo aliyonifundisha ni ya kweli, hayana kasoro. Lakini ukilivaa ukakuta tayari lina joto, na mtu akakuuliza juu ya mwenzio, mtazame kwanza mdomoni. Halafu fikiri vizuri kabla hujajibu.