Wimbo Ambao Wasikilizaji wa Voi Hawakuuacha

Siku yangu ya kwanza katika redio yetu ndogo pale Voi sikuruhusiwa kusema neno hewani. Fundi wa mitambo alinikalisha mbele ya mikisa, ile meza ya vitufe vya kupandisha na kushusha sauti, akaniambia, "Dada, wimbo ukiisha na hujaweka mwingine, watu wanahama stesheni."

Hapo ndipo nilipoujua ule wimbo wa Kimarekani. Mwanamume wa sauti ya kukwaruza, na gitaa lake na kinanda cha mdomo, anaimba habari za mji mdogo ambao kiwanda chake kimefungwa. Ulikuwa wimbo wa zamani hata wakati huo. Kila alasiri kwenye kipindi cha salamu, kuanzia Mbololo hadi Chala, hakukosekana mtu wa kuuomba.

Baadaye tuliletewa Meneja wa Vipindi kutoka Nairobi, kijana mchapakazi. Alipitia orodha ya nyimbo, akaufuta.

"Umezeeka, Madam, na nusu ya hawa watu hawaelewi Kiingereza chake. Ukiupiga tena, tutaachana."

Nilikuwa na watoto wawili shuleni. Nikatii, ingawa kila niliporuka ombi la mtu niliona haya.

Wiki ya tatu akaja mzee kutoka Makwasinyi, kofia mkononi. Alikuwa amekata mkonge tangu ujana, mpaka shamba likampunguza kazini.

"Nimekuja kuuliza kama redio imeharibika," alisema. "Mke wangu amelazwa hapa Voi. Anaungoja wimbo wake, ule wa Mmarekani."

Meneja akamuuliza kwa upole, "Mzee, unaelewa anachoimba?"

"Maneno siyajui. Lakini huyo ni mtu aliyerudi nyumbani bila kazi, hajui atamwambiaje mkewe. Siku niliporudi hivyo, mke wangu aliwasha redio, tukausikiliza. Hakuniuliza kitu."

Meneja aliinamisha kichwa. Kisha akanigeukia. "Madam, uweke. Wimbo wote, usiukate."

Mama yule alitoka hospitalini, na wimbo haukufutwa tena.

Sasa nimestaafu, nalima kunde Mbololo. Vijana wa redio huniuliza kwa nini wimbo ule haufi. Juzi nilikuwa nikipalilia na jirani yangu, mama asiyejua Kiingereza, simu yake ikicheza redio. Mtangazaji akaendelea kuongea huku wimbo ule ule umeshaanza, kosa ambalo sisi tungekemewa kwalo. Nikafungua mdomo nilalamike. Jirani akaniashiria ningoje, akaegemea jembe lake mpaka ukaisha.