Wasifu wa Kocha

Siku tuliyomzika mume wangu, ukoo wake ulikuwa umeshaandika wasifu wa marehemu bila kuniuliza. Shemeji yangu mkubwa alikuja kunisomea asubuhi, wanawake wakiwa wanamenya ndizi. Alizaliwa hapa hapa Meru, akabatizwa, akaoa, akawa mkulima wa kahawa. Basi.

"Na basketi?" nikauliza.

"Shemeji, huu ni msiba. Ile ilikuwa michezo."

Michezo. Watoto wetu wamesomeshwa na hiyo michezo. Kahawa nilihangaika nayo mimi. Yeye hata kupogoa hakujua. Alianza kwa kufundisha timu ya mpira wa kikapu ya chuo jioni, kwenye uwanja wa saruji ulioinama upande wa bondeni, kisha klabu moja ya mjini ikamchukua kwa mshahara.

"Mjane hasemi kaburini," shemeji akanionya. "Analia, wengine wanamsemea."

Nilikuwa sijalia. Hilo nalo walishalisema.

Kaburini, wachezaji wake walisimama nyuma, kwenye migomba, vichwa juu ya watu wote. Bibi mmoja akauliza kwa sauti, "Hawa nguzo za umeme ni wa nani?" Watu wakacheka chinichini. Shemeji akaanza kusoma. Alipofika kwenye "mkulima", nikasimama.

"Hakuwa mkulima. Alikuwa kocha."

"Shemeji, kaa chini."

"Sikai."

Nimeishia darasa la saba, sijui kuhutubia. Nilieleza tu nilichokuwa nakiona. Mchezaji mgeni alimwambia amkabe mwenzake mikono ikiwa nyuma ya mgongo, mpaka miguu ijue kazi. Wakinuna, na yeye anaweka mikono nyuma, anakaba nao, pamoja na kitambi chake.

"Ni kweli!" mmoja akapaza sauti kutoka migombani.

"Umemaliza?" shemeji akauliza.

"Bado."

Nikasema pia jinsi klabu ilivyomfukuza baada ya kufungwa mechi mfululizo, na kwamba hakuwahi kuleta kombe nyumbani. Nikasikia mtu anaguna kwamba namwaibisha marehemu. Simwaibishi. Alirudi chuoni wiki ileile, akaanza upya na wanafunzi wasiojua hata kudaka mpira, na hiyo ndiyo kazi aliyoifanya mpaka mwili ukamshinda.

Shemeji aliikunja karatasi yake. Mchungaji alinisubiri mpaka nilipokaa mwenyewe, ndipo akainama kuchukua udongo.